Shajara ya mradi: mkono wa mbao wenye misuli ya hewa

Januari: tunachojenga na sababu yake

Mradi huu unakusudia kutengeneza mkono wa mfano, kuanzia bega hadi kiganja, utakaotumika katika maabara ya biolojia ya shule ya sekondari hapa Morogoro kufundishia mfumo wa misuli ya binadamu. Ninauendesha pamoja na mwalimu wa fizikia, fundi seremala wa mtaani na kikundi cha wanafunzi wa kidato cha tatu. Shajara hii inaeleza kila hatua tuliyofikia, kilichotufanya tuchague njia hii badala ya ile, na yale ambayo mfano wenyewe umetufundisha kuhusu mwili.

Michoro ya ukutani tuliyo nayo inaonyesha mtu aliyesimama wima, ngozi imeondolewa, misuli imepakwa rangi nyekundu na kila mmoja umeandikiwa jina. Mwanafunzi anaweza kuyakariri majina yote hayo na bado akashindwa kueleza kwa nini mtu aliyeumia mbele ya mkono wa juu anaweza kuunyoosha mkono lakini akapata taabu kuukunja. Mwili una misuli ya mifupa zaidi ya 600, na kwa watu wazima wengi misuli hiyo huchukua kati ya asilimia 30 na 40 ya uzito wote, lakini hakuna hata mmoja kati yake unaosukuma. Msuli huvuta, kisha hulegea. Kazi yake ya nguvu ni hiyo tu. Tunaposukuma mlango, tunaporusha jiwe au tunaposimama kutoka kitini, ndani ya mwili ni misuli inayovuta mifupa, na mifupa ndiyo inayougeuza mvuto huo kuwa msukumo. Nina hakika kwamba mwanafunzi aliyelielewa jambo hili kwa mikono yake mwenyewe atayafikia mengine bila kukariri, na kwa sababu hiyo tumekubaliana kwamba mfano wetu lazima uvute kwelikweli. Mfano unaopendeza macho tu hautatufaa.

Tumechagua mkono badala ya mwili mzima kwa sababu kiwiko ni kiungo chepesi kueleweka: hukunja na kunyoosha, kama bawaba, na misuli inayokiendesha haizidi michache ambayo mtu anaweza kuipapasa juu ya ngozi yake.

Februari: kano za kuku na minofu ya mbuzi

Kabla ya kukata mbao tulitaka kukiona kitu chenyewe. Miguu ya kuku hupatikana kwa bei ndogo kwa wauza kuku wa sokoni, na kwa maoni yangu hakuna kifaa cha maabara kinachoishinda katika somo hili. Mguu ukikatwa juu kidogo ya sehemu yenye magamba, katikati ya mkato hujitokeza ncha nyeupe zinazong'aa, ngumu na telezi, ambazo ndizo kano. Wanafunzi walizishika moja moja kwa koleo dogo na kuzivuta taratibu. Ilipovutwa kano ya nyuma, vidole vilikunjamana na kucha zikafumba. Ilipovutwa ya mbele, vidole vilinyooka. Msichana mmoja aliyekuwa ameshika koleo aliinua macho na kuuliza, "Mwalimu, sasa nyama yenyewe iko wapi?" Hilo ndilo swali tulilolitaka, kwa maana katika kipande kile hapakuwa na mnofu wa kuvikunja vidole vile; misuli ilibaki upande wa juu, kwenye sehemu ambayo mnunuzi mwingine alikwisha kuichukua kwa ajili ya mchuzi.

Binadamu ameumbwa kwa mpango huohuo. Vidole vyetu havina ndani yake misuli ya kuvikunja. Misuli mikubwa ya kazi hiyo iko kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, nayo hupeleka kano ndefu zinazopita kwenye kifundo chini ya mkanda mgumu unaozizuia zisiinuke, hadi kwenye mifupa ya vidole. Anayetaka kuhakikisha na aushike kwa nguvu kidogo mkono wake wa kulia chini ya kiwiko kwa kiganja cha kushoto, kisha afumbe na kufumbua ngumi ya kulia: atahisi msogeo wote chini ya kiganja, mbali na vidole. Mpangilio huu una faida kubwa, kwani kama misuli ile ingekaa kwenye vidole vyenyewe, vidole vingekuwa vinene na vizito, na kazi za kushika sindano au kufunga kifungo zisingewezekana. Misuli midogo iliyobaki kiganjani, hasa ile iliyovimba chini ya kidole gumba, hushughulikia usahihi, na nguvu hutoka kigashani.

Mguu wa nyuma wa mbuzi tuliupata kwenye bucha. Mwenye bucha humtundika mbuzi kwa kupitisha kulabu kati ya mfupa na kano ya kisigino, na kano ile hubeba mzoga bila kukatika. Tulimwomba atuachie mnofu mmoja mzima pamoja na kano yake na kipande cha mfupa ambamo kano imeshikilia. Nje ya mnofu kulikuwa na utando mwembamba unaopitisha mwanga. Tulipoukata mnofu kwa kukingama, tuliona ndani vishada vingi, kila kimoja kimezungukwa na utando wake, na ndani ya kila kishada nyuzi ndogo zaidi. Jambo lililonivutia kuliko yote ni kwamba tando hizo haziishii njiani. Zinakwenda hadi mwisho wa mnofu, zinakusanyika, zinakuwa nyeupe na ngumu, na huko ndiko kano inakoanzia. Kisha kano nayo inaingia katika gamba la mfupa na kuwa sehemu yake. Kutoka katikati ya mnofu hadi ndani ya mfupa hakuna mahali ambapo kitu kimoja kimebandikwa juu ya kingine, na ndiyo maana mvuto wa nyuzi zote hufika mfupani bila kupotea.

Kipande kingine tulikichemsha muda mrefu. Tando zile zimetengenezwa kwa protini ya kolajeni, ambayo kwa joto na maji hulainika na kuwa jelatini, kwa hiyo nyama iliyoiva sana huachana yenyewe kuwa nyuzi nyuzi. Kila mpishi amekwisha kuona jambo hili. Wanafunzi waliliona safari hii kama anatomia.

Machi: kilichoonekana kwenye hadubini

Uzi mwembamba kabisa wa nyama iliyochemshwa, uliotenganishwa kwa sindano mbili katika tone la maji na kutiwa iodini kidogo, ulionyesha kwenye hadubini, kwa ukuzaji wa mara 400, mistari iliyokingama, mwanga na giza kwa zamu, kutoka mwanzo hadi mwisho wa uzi. Mistari hiyo ndiyo iliyoipa misuli ya mifupa sifa ya kuitwa misuli yenye milia.

Kila uzi wa msuli ni seli moja. Unene wake ni kati ya mikromita 10 na 100 (mikromita 1 ni sehemu ya elfu ya milimita), lakini urefu wake unaweza kufika sentimita kadhaa, na kwa kuwa hutokana na seli nyingi changa zilizoungana, una viini vingi vilivyojipanga chini ya ngozi yake. Ndani ya uzi kuna vijiuzi vilivyolala sambamba, na kila kijiuzi kimegawanyika katika vipande vifupi vinavyofuatana, viitwavyo sakomea, ambavyo kila kimoja kina urefu unaozidi kidogo mikromita 2 msuli ukiwa umepumzika. Tulifanya hesabu ubaoni: uzi wa sentimita 10 una sakomea zipatazo 45,000 zilizofuatana, na kila moja ikijifupisha kwa mikromita 0.4 tu, uzi mzima hufupika kwa milimita 18. Darasa lilinyamaza kidogo lilipoona jibu.

Namna sakomea inavyofupika ilielezwa mwaka 1954, katika makala mawili yaliyochapishwa ndani ya toleo moja la jarida la Nature. Moja liliandikwa na Andrew Huxley pamoja na Rolf Niedergerke, jingine na Hugh Huxley pamoja na Jean Hanson. Huxley hawa wawili hawakuwa ndugu. Walionyesha kwamba nyuzi za protini zilizo ndani ya sakomea hazibadiliki urefu. Kuna nyuzi nene za mayosini katikati na nyuzi nyembamba za aktini zilizoshikamana na ncha mbili za sakomea, na msuli unapofanya kazi nyuzi nyembamba huteleza kuelekea katikati, zikipita kando ya zile nene. Vichwa vidogo vya mayosini hunasa aktini, hujipinda na kuivuta umbali wa nanometa chache, huachia, hunasa tena mbele kidogo. Havifanyi hivyo vyote kwa pamoja. Wavuvi wa pwani wanaolivuta juya ufukweni hupokezana, mkono huu unaachia wakati mwingine umeshika, na kamba hairudi baharini. Vichwa vya mayosini hufanya kazi kwa zamu ya namna hiyohiyo.

Kinachoruhusu kunasa huko ni kalsiamu. Amri ya neva inapofika kwenye uzi, husambaa juu ya ngozi ya seli na kuingia ndani kupitia vijifereji, kisha kalsiamu iliyokuwa imehifadhiwa katika vifuko maalumu humwagika kuzunguka vijiuzi na kuisogeza protini inayofunika mahali pa kunasia. Amri ikikoma, kalsiamu hurudishwa katika vifuko na msuli hulegea. Nishati ya kazi yote hii hutoka kwenye ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, na hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka: ATP haihitajiki kwa kuvuta peke yake, inahitajika pia kwa kuachia. Kichwa cha mayosini hakiwezi kujinasua kutoka kwenye aktini mpaka kipate ATP mpya. Ndiyo sababu mnyama aliyechinjwa hukakamaa saa chache baadaye, kwani ATP imekwisha na vichwa vimebaki vimenasa. Mwenye bucha yetu alikuwa anajua kwa uzoefu saa ambayo mguu wa mbuzi hauwezi tena kukunjwa. Wanafunzi sasa wanajua na sababu yake.

Aprili: mbao, kiwiko na hesabu ya mwalimu wa fizikia

Fundi seremala ametengeneza mfupa wa mkono wa juu kwa mninga, urefu sentimita 30, na mifupa miwili ya kigasha. Nilisisitiza kwamba kigasha kisiwe ubao mmoja. Mfupa wa upande wa kidole kidogo ndio unaofungana na kiwiko kwa uthabiti na kutengeneza ile ncha ngumu tunayoiegemeza mezani; mfupa wa upande wa kidole gumba huzunguka juu ya mwenzake, na mzunguko huo ndio unaotuwezesha kugeuza kiganja kitazame juu au chini. Bila mifupa hiyo miwili nusu ya kazi ya baisepsi, msuli wa mbele ya mkono wa juu, isingeonekana.

Baisepsi ina vichwa viwili, vyote vimeanzia kwenye mfupa wa bega na si kwenye mfupa wa mkono wa juu, na mwisho wake umeshikilia ule mfupa wa upande wa kidole gumba. Kwa hiyo hufanya kazi mbili: husaidia kukunja kiwiko na hukigeuza kiganja kitazame juu, kama tunapokaza skrubu kwa mkono wa kulia. Chini yake umelala msuli mwingine usiosifiwa mitaani, brakialisi, ulioanzia kwenye mfupa wa mkono wa juu na kuishia kwenye mfupa wa upande wa kidole kidogo. Mfupa huu hauzunguki, kwa hiyo brakialisi hukunja kiwiko tu, iwe kiganja kimetazama juu au chini, nayo ndiyo mkunjaji mkuu wa kiwiko. Vijana wanaonyanyua vyuma hujivunia baisepsi kwa sababu iko juu na inaonekana. Ninaona ni haki brakialisi ipewe nafasi yake, na katika mfano wetu itakuwepo.

Mwalimu wa fizikia aliichukua siku yake kueleza wenzo. Kano ya baisepsi imeshika mfupa umbali wa sentimita kama 5 kutoka kwenye mhimili wa kiwiko, na kiganja kiko umbali wa sentimita kama 35. Mtu akishika mzigo wa kilo 2 kigasha kikiwa kimelala, misuli inayokunja italazimika kuvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 14, na hapo uzito wa kigasha chenyewe haujahesabiwa. Tulifunga mizani ya springi mahali pa msuli, tukaning'iniza kilo 1 kiganjani, na mshale ukasimama kati ya kilo 8 na 9, kwa kuwa kigasha cha mbao nacho kilikuwa na uzito wake. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba mpango huo ni wa hasara. Jibu ni kwamba tunalipa nguvu ili tupate mwendo: msuli ukifupika sentimita 1, kiganja husogea sentimita 7 katika muda uleule. Arushaye jiwe, apigaye ngoma na achapaye maandishi wote wanaishi kwa faida hiyo.

Mei: misuli ya hewa

Kamba na mpira wa kawaida havikutosha. Kamba haifupiki yenyewe, na mpira unaonyumbulika huvuta wakati wote bila kupokea amri. Tuliamua kutumia msuli wa hewa uliotengenezwa na mwanafizikia wa Marekani, Joseph McKibben, katika miaka ya 1950 kwa ajili ya binti yake aliyepooza kwa polio. Ni kifuko cha mpira kilichovikwa soksi iliyosukwa kwa nyuzi zisizovutika. Hewa ikiingia, kifuko kinataka kutanuka, nyuzi za soksi zinabadili pembe zake, na kwa kuwa hazivutiki, unene ukiongezeka urefu unalazimika kupungua. Kikijaa hewa kinavuta; kikitolewa hewa kinalegea; hakiwezi kamwe kusukuma kwa ncha zake. Sifa hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta.

Tyubu tuliipata kwa fundi baiskeli, ambaye aliitazama kazi yetu kwa makini na kusema, "Mwalimu, hii ukiijaza bila koti itapasuka mikononi mwa watoto." Koti alilolisema ni soksi ya nailoni iliyosukwa, ambayo mafundi umeme wa magari huitumia kuhifadhi nyaya. Tulikata kipande cha tyubu cha sentimita 20, tukaziba ncha moja kwa gogo dogo la mti na nyingine kwa gogo lililotobolewa na kupitishwa mpira mwembamba wa hewa, tukavalisha soksi na kubana ncha zote kwa klipu za chuma zinazotumika kwenye mipira ya maji. Pampu ya baiskeli inatosha. Hewa ilipoingia, kipande kile kilivimba katikati, kikafupika kwa sentimita kama 4, na kigasha cha mbao kikainuka mbele ya darasa.

Hata hivyo kilipofungwa sentimita 5 kutoka kiwikoni, mkono ulijikunja kwa digrii kama 45 tu. Tulisogeza shikio hadi sentimita 3 na pembe ikazidi digrii 80, lakini mzigo ambao hapo awali uliinuka kwa urahisi sasa ulihitaji hewa nyingi zaidi, kwa sababu nguvu inayotakiwa ilipanda kutoka mara 7 ya mzigo hadi karibu mara 12. Hakuna mahali pa kufunga kano panapotoa nguvu nyingi na mwendo mwingi kwa pamoja, na nafasi ya kila kano mwilini ni mapatano kati ya mambo hayo mawili. Mashikio yote mawili tumeyaacha kwenye mfano ili wanafunzi wahamishe kano wenyewe. Soksi nayo ina mpaka wake: nyuzi zake zikifikia pembe ya digrii kama 55 kutoka kwenye mhimili, msuli haufupiki tena hata hewa ikiongezwa.

Kuna jambo ambalo mwalimu atakayeutumia mfano huu lazima aliseme waziwazi. Msuli wa hewa huvimba kwa sababu umeongezewa hewa. Msuli wa mwili hauongezewi kitu. Ujazo wake unabaki karibu uleule, na unavimba katikati kwa sababu kilichopungua katika urefu lazima kionekane katika unene.

Juni: traisepsi, na kinachotokea misuli yote ikivuta pamoja

Kwa kuwa msuli hauwezi kusukuma, mkono uliokunjwa hauwezi kunyooshwa na baisepsi. Nyuma ya mkono wa juu tumefunga traisepsi, yenye vichwa vitatu, kimoja kutoka kwenye mfupa wa bega na viwili kutoka kwenye mfupa wa mkono wa juu, vyote vikiungana katika kano moja inayoshika ncha ya kiwiko. Kila upande una vali yake. Wanafunzi walijifunza haraka kwamba mkono haufanyi kazi vizuri upande mmoja ukijazwa bila mwingine kupunguzwa, na kwamba mwendo laini hupatikana pale mmoja unapoachia polepole wakati mwenzake anavuta. Mwilini uti wa mgongo hufanya upatanisho huo: amri inayouamsha msuli mmoja hupeleka wakati huohuo kizuizi kwa msuli unaopingana nao.

Vali zote mbili zikifunguliwa kwa pamoja, kiwiko hukaza na hakikunji wala hakinyooki. Jambo hilo lina manufaa, kwa mfano mama anapoinua sufuria ya maji ya moto na anataka mikono yake isitikisike. Lakini ndilo pia linaloeleza pepopunda. Sumu ya bakteria wa pepopunda hupanda kupitia neva hadi kwenye uti wa mgongo na kuzima vile vizuizi, kwa hiyo misuli inayopingana huvuta yote kwa wakati mmoja na bila kupumzika. Hapo ushindi huenda kwa msuli wenye nguvu zaidi: misuli ya kutafunia huishinda ile ya kufungua kinywa, na taya hufunga, misuli ya mgongo huishinda ya tumbo, na mgonjwa hupinda kinyumenyume. Misuli ya kupumua ikikakamaa, maisha yamo hatarini. Nilipoyaeleza haya mkono wa mbao ukiwa umekaza mezani, wanafunzi walielewa kwa nini kina mama wajawazito hupewa chanjo ya ugonjwa huu kliniki, na kwa nini jeraha la msumari wenye udongo halipuuzwi.

Julai: amri za neva

Mfano ulikuwa na kasoro moja ya kielimu, kwani msuli mmoja mnene huonekana kama kitu kinachowashwa na kuzimwa. Tumeibadilisha baisepsi kuwa misuli mitatu myembamba iliyolala sambamba, kila mmoja na vali yake, ili ionekane kwamba nguvu huongezwa kwa kuita nyuzi zaidi kazini. Mwilini neva moja ya mwendo hugawanyika na kuamrisha kundi la nyuzi, na kundi hilo huitika lote kwa pamoja. Kwenye misuli ya jicho kundi moja linaweza kuwa na nyuzi kama 10 tu, ndiyo maana jicho hugeuka kwa usahihi mkubwa. Kwenye misuli mikubwa ya mguu, kundi moja linaweza kuwa na nyuzi zaidi ya 1,000. Tunapoinua kitu chepesi huitwa kwanza makundi madogo, na makubwa hufuata mzigo unapoongezeka.

Polio tumeizungumzia hapa kwa kirefu, maana ndiyo iliyozaa msuli wa McKibben. Virusi vyake huua seli za neva za mwendo kwenye uti wa mgongo. Msuli wenyewe haukuguswa, lakini umekosa wa kuuamrisha, na msuli usioamrishwa hukonda mwezi baada ya mwezi hadi mguu unabaki ngozi na mfupa. Virusi vya asili vya polio vilithibitishwa kuwa vimeondoka barani Afrika mwezi Agosti 2020, lakini katika mitaa yetu bado wapo watu wazima wanaotembea kwa magongo kwa sababu ya ugonjwa waliougua utotoni.

Muuguzi wa zahanati alitutembelea na kuutumia mfano kuonyesha msuli wa deltoidi begani, ambako watu wazima huchomwa chanjo nyingi, na akaeleza kwamba watoto wachanga huchomwa upande wa nje wa paja kwa sababu deltoidi yao bado ni ndogo.

Agosti: moyo na misuli laini

Kwa aina hizi mbili hatukujenga kitu, tumechora mabango tu. Msuli wa moyo una milia, lakini seli zake ni fupi, zina matawi na zimeunganishwa ncha kwa ncha kiasi kwamba amri hupita kutoka moja hadi nyingine. Moyo hujianzishia mapigo yake wenyewe, yapatayo 100,000 kwa siku, na kila baada ya pigo huwa na kipindi ambacho haukubali amri mpya, kwa hiyo hauwezi kukakamaa kama mkono. Misuli laini haina milia na haitii utashi. Imo katika kuta za utumbo, mishipa ya damu, kibofu na mfuko wa uzazi, ambao mwishoni mwa ujauzito hufikia uzito wa kilo 1 hivi kutoka gramu chini ya 100. Husinyaa polepole lakini hudumu muda mrefu kwa nishati ndogo. Nayo pia huvuta tu: utumbo husogeza chakula kwa kubana nyuma yake na kulegea mbele yake.

Septemba: mkono umekamilika, mguu umeanza

Mkono sasa una misuli ya kukunja kiwiko, wa kukinyoosha, wa kugeuza kiganja, na kano za vidole zinazotoka kigashani. Umekwisha kutumika kwa mikondo yote ya kidato cha tatu, na maswali ya wanafunzi yamebadilika. Hawaulizi tena jina la msuli, wanauliza umeanzia wapi, umeishia wapi na nani anapingana nao.

Mguu utahitaji fikra nyingine, kwa sababu humo kano hufanya zaidi ya kupitisha mvuto. Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa inayoshirikiana kano moja ya kisigino: gastroknemiasi, iliyoanzia juu ya goti, na soleasi iliyo chini yake, iliyoanzia chini ya goti. Mtu anapokimbia, kano hiyo huvutika na kuhifadhi nishati mguu unapokanyaga, kisha hurudisha sehemu kubwa ya nishati hiyo anaponyanyuka. Soleasi ina nyuzi nyingi za polepole, zenye mayoglobini (protini nyekundu inayohifadhi oksijeni) na mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati) kwa wingi, zisizochoka upesi. Ni rangi ileile inayotofautisha paja la kuku na kidari chake cheupe. Nyuzi za haraka hutoa nguvu kubwa kwa muda mfupi na huchoka. Tutawaeleza wanafunzi kwa mbio wanazozijua: mita 1,500 ambazo Filbert Bayi alizikimbia kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia wakati huo, ambazo hudai nyuzi za aina zote mbili, na mita 100 ambazo Ferdinand Omanyala alizikimbia Nairobi mwaka 2021 kwa sekunde 9.77, ambazo hutegemea zaidi nyuzi za haraka.

Fundi amekwisha kukata mfupa wa paja na miwili ya muundi. Kazi inayofuata ni kulinganisha vipande vya tyubu ya gari na kamba ya nailoni kama kano ya kisigino, kwa kuuangusha mguu wa mfano kutoka kimo kilekile na kupima kila kano inaurudisha juu kiasi gani. Soleasi na gastroknemiasi zitapata vali tofauti, ili wanafunzi waone kwamba goti likikunjwa gastroknemiasi hulegea na soleasi hubaki ikifanya kazi karibu peke yake.